Nimepunguza silinda moja

Nimekuwa kimya kwa muda, najua. Wengine mmenipigia simu mkidhani nimepata kazi Dar es Salaam nikawasahau. Sijapata kazi Dar, bado nipo hapa hapa Shinyanga na vumbi langu. Nilikuwa nauza pikipiki.

Wanaonifahamu wanaijua ile pikipiki. Nyekundu, kubwa, cc 650, silinda mbili, tanki kama nundu ya ng'ombe dume. Nilikuwa nikiingia nayo stendi ya Ibinzamata watoto wanaacha mpira, na wazee wanavua miwani waone vizuri. Sasa haipo. Mahali pake, chini ya mwembe pale ninapopanga, imesimama pikipiki nyembamba ya silinda moja, cc 150, aina ile ambayo mabwana shamba na mabwana afya wameizoea. Mwenzangu mmoja wa habari alipoiona akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole ya msiba: "Vipi kaka, mambo yamekaza?"

Mambo yamekaza ndiyo, siwezi kusema uongo. Lakini si hilo lililofanya niiuze. Ngoja niwasimulie, maana nimechoka kumweleza mmoja mmoja.

Nilimaliza masomo ya uandishi pale SAUT, Malimbe, mwaka 2019, nikarudi nyumbani kuandikia gazeti. Msiojua maisha ya mwandishi wa mkoani niwaambie: wengi wetu hatuna mshahara. Unalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, umefunga Ramadhani nje ya msimu. Na eneo langu ni kubwa. Upande huu kuna Mwadui, kwenye almasi aliyoigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Ukienda Kahama kuna Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa 2001, na Buzwagi ambao wenyewe umeshafungwa. Ukisonga mbele unafika Geita, ambako Waingereza walichimba tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ukafungwa 1966, kisha mgodi mpya ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa wake, ikichukua vipande kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mimi nikaendelea kuiandika kama vile hakuna mpaka uliochorwa.

Sasa migodi mikubwa ina uzio, geti na afisa uhusiano anayekutumia taarifa kwa barua pepe. Habari zenyewe, zile za watu, ziko katikati ya migodi hiyo: kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kwenye makarasha, kwenye mialo ambako akina mama wanaosha mchanga tangu alfajiri. Na huko hakuna lami. Kuna njia ya ng'ombe iliyogeuka barabara kwa sababu mtu alipiga sururu akaona kitu kinang'aa.

Basi bwana, mwaka 2022 kulikuwa na mzungu mmoja, fundi wa kuchoronga miamba, mkataba wake umeisha na anarudi kwao. Anauza pikipiki. Bei, shilingi milioni 7. Mimi nilikuwa na milioni 4 nilizodunduliza miaka mitatu. Nikaenda Kishapu kwa baba.

Baba yangu ni mkulima wa pamba. Hajawahi kuwa na pikipiki maishani mwake, ana baiskeli tu. Nilimweleza kwamba kazi yangu inahitaji chombo cha uhakika, kwamba pikipiki hii imetengenezwa kwa safari ndefu, kwamba nikipata hii nitaandika habari mara mbili ya ninazoandika. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza swali hata moja. Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe watano kwa laki sita sita, akanipa milioni 3 zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa.

Hapa naomba niseme ukweli ambao sikumwambia baba siku ile. Nilikuwa nimeangalia sana ule mfululizo wa Ewan McGregor na mwenzake Charley Boorman, waliotoka Scotland hadi Cape Town mwaka 2007 wakapita hapa kwetu Tanzania na mapikipiki yao makubwa ya silinda mbili. Mimi nilijiona nimo mle. Yaani uhakika wa chombo ulikuwa sababu ya pili. Sababu ya kwanza ilikuwa ni kuonekana nikifika.

Kwa wasioijua injini, niseme kidogo, nanyi mafundi mnivumilie. Silinda ni ile nyumba ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kwenye injini ya mapigo manne pistoni lazima ipande na kushuka mara mbili ili upate mlipuko mmoja: kuvuta petroli na hewa, kubana, kulipua, kutoa moshi. Kwa hiyo silinda ikiwa moja, shafti inazunguka mara mbili ndipo inapata teke moja. Ndiyo maana injini hiyo inatetemeka na mlio wake unahesabika. Ukiongeza silinda ya pili, mateke yanapokezana. Mlio unalainika, mtetemo unapungua, mwendo unaongezeka. Ila pia vitu vinakuwa viwili viwili. Kabureta mbili, ambazo lazima zivute sawasawa, la sivyo injini inakohoa. Joto linazidi, kwa hiyo inahitaji rejeta na maji. Na uzito: ile yangu ilipita kilo 200 kabla hujaweka begi.

Kwenye lami, jamani, ilikuwa raha. Shinyanga hadi Tinde, Tinde hadi Isaka, Isaka hadi Kahama, unapita malori ya Rwanda na Kongo moja baada ya jingine, upepo unaimba kwenye helmeti, injini haihangaiki. Nimewahi kutoka Shinyanga asubuhi, nikahudhuria kikao Kahama, na saa nane mchana nikawa nimerudi natuma habari. Sitaidhalilisha pikipiki ile. Lawama si yake wala si ya kampuni iliyoitengeneza, na ndiyo maana jina la kampuni siliandiki. Ilitengenezwa kwa ajili ya kazi fulani, mimi nikaipeleka kwenye kazi nyingine.

Matatizo yalianza kidogo kidogo. Jiwe liliruka kutoka kwenye tairi la mbele likatoboa rejeta. Kwa pikipiki ya bodaboda hilo haliwezekani, maana nyingi hazina hata hiyo rejeta, zinapozwa na upepo tu. Mimi nilisubiri spea majuma matano. Siku nyingine kabureta moja ikaziba kwa vumbi. Fundi wangu wa Kahama, mtu anayefungua injini ya boksa huku anapiga soga, alikaa mbele ya ile yangu kimya kama mtu aliyepewa mtihani wa Kilatini. Mwishowe akasema: "Kaka, hii ina roho mbili. Moja ikinuna, nyingine inachoka."

Halafu likaja tatizo ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Nikifika mwaloni, watu wanatawanyika. Kina mama wanafunika mabeseni, vijana wanaingia vichakani. Pikipiki ile haikuwa ya mtu wa kawaida. Ama mimi ni afisa wa serikali, ama mnunuzi mkubwa, ama mtu wa ulinzi wa mgodi. Nilikuwa natumia saa nzima kueleza kwamba mimi ni mwandishi tu, nimepanga chumba kimoja, ugali nakula kwa mama ntilie. Wananitazama, wanaitazama pikipiki, wanacheka. Na mtu anayekuona tajiri hakwambii shida yake, anakuomba hela tu. Nikawa narudi na majibu ya kuombwa hela, halafu nashangaa kwa nini habari zangu hazina watu ndani yake.

Pamoja na hayo yote, sikuiuza. Unaijua aibu ya mtu aliyeuziwa ng'ombe watano wa baba yake? Huwezi kukiri kwamba umekosea. Unaendelea kutengeneza.

Mpaka Machi 2025.

Nilipigiwa simu asubuhi na kijana mmoja kwamba kuna duara limetitia porini, upande wa kati ya Kakola na Bukoli, na kuna watu chini. Wanaoandika habari za huku mnajua simu ya namna hiyo inavyokaa tumboni. Sisi watu wa mkoa huu tunakumbuka Nyangalata, mwaka 2015, wachimbaji watano waliotolewa wakiwa hai baada ya siku 41 ardhini. Kwa hiyo ukisikia "kuna watu chini" huwezi kusema wamekwisha. Unakimbia.

Nilikuwa Kahama. Kutoka hapo hadi Kakola ni kilomita 70 na kitu, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nikafika Kakola vizuri tu. Pale njia panda nikamkuta mama mmoja, kanga mbili na kikapu, anabishana na bodaboda. Bodaboda anataka elfu kumi na tano kwa sababu ya matope. Mama ana elfu nane. Nikasikia anataja lile eneo. Mume wake alikuwa mmoja wa waliokuwa ndani ya duara.

Nikasema, "Mama, panda, nakwenda huko huko. Sitaki hela."

Niwe mkweli tena. Nilijisikia vizuri sana wakati nasema vile. Nilimwona yule bodaboda na kiboksa chake kilichochoka, nikamwonea huruma.

Tuliacha barabara, tukaingia porini. Kilomita nne za kwanza ardhi ni nyekundu, tukaenda. Kisha tukashuka bondeni, na bondeni udongo ni ule mweusi wa mbugani. Wasukuma wenzangu wanaujua. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukilowa, unanata kama gundi ya fundi viatu. Unashika tairi, tairi linaupeleka kwenye madigadi ya mbele, madigadi inajaa, tairi linakataa kuzunguka. Pikipiki haikwami tu, inafungwa breki na ardhi yenyewe.

Tulianguka. Namshukuru Mungu mama hakuumia, alitumbukia kwenye tope laini. Mimi nilitoa mguu nikaacha kiatu. Nikajaribu kuiinua, kilo 200 na begi, peke yangu, miguu inateleza. Mama akaweka kikapu chake juu ya kichuguu, akafunga kanga kiunoni, akaja kunisaidia. Tukaiinua. Nikatoa tope kwa kijiti. Tukaenda mita thelathini, tukaanguka tena. Injini imechemka, feni inalia. Mara ya tatu haikuwaka.

Mama hakulalamika. Alikuwa anatazama kule tunakokwenda, na kila baada ya muda anasema, "Tutafika tu, mwanangu." Ile "tutafika tu" iliniumiza kuliko matusi.

Ilipita zaidi ya saa moja na nusu. Kisha tukasikia mlio. Yule yule bodaboda wa Kakola, na abiria mwingine mgongoni, na kiroba mbele yake juu ya tanki. Alipofika kwenye tope aliteremsha abiria, akaweka gia ya kwanza, akashuka yeye mwenyewe, akawa anatembea kando ya pikipiki huku inajivuta pole pole, piki, piki, piki, hadi ng'ambo. Ilipoegemea upande aliishika kwa mkono mmoja kama mtu anayemshika mtoto. Akamfikisha yule abiria, akarudi kumchukua mama. Hakutaka hata ile elfu nane. Mimi aliniambia tu, "Bro, nitawatuma vijana waje wakubebe."

Nilifika kwa miguu. Watu wawili walikuwa wametolewa wamefariki, wamefunikwa maturubai. Mume wa yule mama alikuwa ametolewa hai, mguu umevunjika. Lakini alikuwa ameshaondolewa, amepitishwa njia nyingine kupelekwa kituo cha afya. Mama hakumkuta. Alikuta buti zake. Nilimkuta amekaa chini, buti ziko mapajani, anauliza kila anayepita, "Alikuwa anaongea? Alikuwa anaongea?" Hakuna aliyemjibu kwa uhakika. Alimpata mume wake usiku, saa tatu.

Kama ningemwacha pale njia panda, yule bodaboda angempandisha. Wangebishana dakika tano zaidi, wangekubaliana elfu kumi, na mama angemkuta mume wake hai, anaongea, kabla hajaondoka. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Hilo nimeligeuza kichwani kila upande na halibadiliki.

Kuhusu habari yenyewe, mhariri alikuwa ameshaipata kwa mtu mwingine kupitia simu. Ilitoka mistari michache, jina si langu. Sikulipwa. Na sikuwa na haki ya kulipwa.

Nilimwomba mama radhi. Akanitazama usoni kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyefeli mtihani. Akasema: "Mwanangu, moyo unao. Ila pikipiki yako ni ya kwenda Mwanza."

Basi, ikaenda Mwanza. Mnunuzi alipatikana Julai, jamaa anayetembeza watalii, anayehitaji chombo cha lami. Nilimpelekea mwenyewe nikitokea Geita. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu nyuma, Juni 2025, lile lenye jina la hayati Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa. Miaka yote nimevuka pale kwa kivuko, nikisubiri foleni na kununua karanga. Siku ile nilivuka bila kusimama. Injini inaimba vizuri, silinda zote mbili zinapatana kana kwamba zinanikejeli, ziwa kulia, ziwa kushoto. Nikajisemea, hapa ndipo kwako, mama. Nilitokwa na machozi kidogo, ingawa upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo sina ushahidi.

Aliinunua kwa milioni 4 na nusu. Nikatoa milioni 3 na laki mbili nikanunua hii ya cc 150, iliyotumika lakini imetunzwa. Nikabaki na milioni moja na laki tatu. Nikaenda Kishapu kwa baba.

Hiyo ndiyo safari niliyoiogopa kuliko tope lote la Bukoli. Nilimkuta anatengeneza nira. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, hata lile la McGregor. Nikamweleza na silinda, kwa sababu aliuliza, "Silinda mbili ndiyo nini?" Nilimtolea mfano wa maksai wawili kwenye nira moja, maana ndio waliokuwa mbele yetu.

Baba akaendelea kufunga kamba. Kisha akasema: "Maksai wawili ni wazuri. Lakini wanakula majani ya wawili, na mmoja akiugua, hata yule mzima halimi."

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa hasa.

"Sasa kwa nini hukusema mapema?"

Nilinyamaza. Akaniambia ng'ombe aliowauza hawakumuuma. Kilichomuuma ni kwamba miaka mitatu nilikuwa nikija nyumbani na ile pikipiki natabasamu, naye alikuwa anaona namna ninavyoiangalia. "Mtu anayemwamini maksai wake hamwangalii hivyo." Yaani alijua, akasubiri niseme.

Zile milioni moja na laki tatu tulinunua mitamba wawili. Kwa hiyo namdai baba radhi, na baba ananidai ng'ombe watatu. Tumekubaliana hivyo, bila maandishi.

Tufanye hesabu kidogo. Kwa mwezi naendesha kama kilomita 1,500. Ile kubwa ilikwenda kilomita 20 kwa lita, lita 75. Hii inakwenda kilomita 45 kwa lita, lita 33 na kidogo. Ukisema petroli ni shilingi 3,000, tofauti ni laki moja na ishirini na tano kila mwezi. Kwa miezi mitano hiyo ni ng'ombe mmoja, kwa bei ile ile aliyouzia baba. Silinda niliyoipunguza inarudisha mifugo zizini, taratibu.

Naomba nisieleweke kwamba silinda moja ni malaika. Kwenye lami ikipita kilomita 80 kwa saa mikono inakufa ganzi. Lori la mizigo likikupita unayumba kama karatasi. Kahama, ambako nilikuwa nakwenda na kurudi kabla ya saa nane, sasa narudi jioni nimechoka. Na hakuna mtoto anayeacha mpira. Hilo nalo linauma, nisiseme uongo.

Lakini kiburi changu kimepata wa kumtuliza. Nimesoma kwamba yale mashindano ya Paris–Dakar yalipoanza, mshindi wa kwanza upande wa pikipiki, Mfaransa Cyril Neveu, mwaka 1979, alikuwa juu ya Yamaha XT500, silinda moja. Baadaye zikaja za silinda mbili, kubwa na zenye kasi, zikatawala miaka mingi. Kisha waandaaji wakaweka kikomo cha cc 450, na tangu 2011 kimewabana washindani wote. Leo wanaoshinda huko jangwani ni silinda moja tena. Na hata McGregor na mwenzake, katika safari yao ya kwanza ya mwaka 2004, mpigapicha wao Claudio von Planta alikwama na pikipiki yake kubwa kule njia ya Mongolia, akanunua pikipiki ya Kirusi ya silinda moja ili aendelee. Hicho kipande nilikuwa nimekiangalia zamani. Nilikicheka tu, sikukisikiliza.

Na sisi tulikuwa na jibu mdomoni siku zote. Kiitamke chombo hiki: pikipiki. Wengine husema tukutuku. Hayo ni majina ya mlio, na mlio huo ni wa silinda moja inayopiga hatua zake moja moja. Ile yangu ya zamani haikuwahi kusema piki wala tuku. Ilikuwa inanguruma tu.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena bonde lile. Kiangazi, nyufa tupu. Nikafika hadi nyumbani kwa yule mama. Mume wake anatembea kwa fimbo, anasema hatashuka tena duarani, amefungua banda la kuchaji simu. Mama alisikia mlio akadhani ni bodaboda, akatoka na ndoo akidhani ameletewa maji. Aliponiona akaicheka pikipiki hadi akaweka ndoo chini.

Nilikaa saa tatu. Hakuna aliyeniomba hela. Yule baba alinisimulia usiku wote wa duarani, nani alikuwa anaimba, nani alinyamaza kwanza, na jambo alilowaza alipoona tochi. Jambo hilo si langu kuliandika hapa, ni lake, na tumekubaliana nitaliandika gazetini pale atakaponiruhusu. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mwandishi yeyote aliyekuja mwezi ule wa tatu, alisema hakuna aliyekaa.

Nilipoondoka mama alitaka lifti hadi Kakola. Nilisita. Nikamwambia, "Mama, una uhakika?"

Akapanda bila kujibu. Tulitumia dakika arobaini, nikaendesha pole pole kuliko nilivyowahi kuendesha, na njia nzima alikuwa anapiga soga kwenye sikio langu la kushoto.

Bado ng'ombe watatu. Tutaonana barabarani.